Bendera ya tarehe 30 mwezi wa sita: tuishone sawasawa

Jambo yenu wandugu wa Lubumbashi, ninyi wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba, Kamalondo, wote mlioshika simu. Niko Bruxelles, ila leo siongelei Bruxelles. Sikukuu ya dipanda, yaani uhuru wa 1960 wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inakaribia, tarehe 30 mwezi wa sita, na bendera zitashonwa usiku usiku. Papa fundi, mama fundi, video hii ni yenu.

Kwanza, bendera ipi? Ile ya 1960, yenye nyota kubwa katikati na sita ndogo kando ya mlingoti, ilirudi 1997, ikaondoka 2006. Hiyo iacheni. Ya leo imo katika Katiba, kifungu cha 1: buluu ya mbingu, nyota ya manjano pembe ya juu kushoto, mkanda mwekundu wa mshazari wenye manjano nyembamba pande zote mbili. Ya 1963 inafanana nayo, ila buluu yake ni nzito. Basi sokoni usichukue ile buluu ya sketi za shule.

Uwiano ni 3 kwa 4. Nyingi za kiwandani zinazouzwa mtandaoni ni sm 90 kwa 150. Hiyo ni 3 kwa 5, na mkanda unalala mno. Sisi tunashona 90 kwa 120. Kwa bendera mbili, kitambaa chenye upana wa sm 150: buluu mita 2, nyekundu mita 1.6, manjano mita 1.6. Loweka nyekundu peke yake kwanza, mpaka maji yatoke meupe. Ukiruka hapo, mvua moja tu na manjano yako inakuwa chungwa.

Kata buluu 94 kwa 128: sm 2 za pindo pande tatu, sm 6 upande wa mlingoti. Ndani yake chora kwa chaki mstatili wa 90 kwa 120, kisha pima kona kwa kona. Lazima upate 150, kotekote. Ukipata 149 huku na 151 kule, imepinda. Futa, chora tena.

Mkanda sasa. Katiba haitaji sentimita, hivi ni vipimo vya kazi: manjano upana wa 26, nyekundu 20, urefu 155. Kunja sm 1 kila ukingo, nyekundu ikae katikati ya manjano, zibaki sm 3 juu na sm 3 chini. Fuata uzi wa kitambaa unapokata! Ukiukata kimshazari unavutika chini ya mashini na kujikunja kama utumbo. Na buluu usiikate vipande viwili. Bandika mkanda juu yake nzima, kutoka kona ya chini ya mlingoti hadi kona ya juu ya mbali. Piga bandi kwa mkono kabla ya mashini.

Nyota: kitovu chake sm 24 kutoka mlingoti, sm 24 kutoka juu. Chora duara la nusu kipenyo sm 18. Rapota, ile ya kupimia pembe, haihitajiki: fungua bikari sm 21 na milimita 2, tembea nayo juu ya duara, utapata ncha tano. Unganisha kwa kuruka moja moja. Ongeza sm 1 ya kukunja.

Nyuma ndipo wengi wanapokosea. Mtu anageuza kitambaa, anakumbuka "juu kushoto", anashona nyota pembe ya mbali. Hapana, mpendwa! Kwa nyuma nyota inaonekana kulia. Choma sindano katika ncha tano za mbele, zitokee nyuma. Bandika nyota ya pili hapohapo, na mkanda wa pili juu ya mishono ya wa kwanza.

Mwisho kunja bomba la mlingoti, piga pasi ya uvuguvugu kama ni polista. Ishike juu, mwenzako asimame nyuma: nyote muone nyota iko kwenye mlingoti, na mkanda unapanda ukienda mbali nao. Ukiona unashuka, fumua.