Ekskaveta Juu ya Lori: Pale Dereva Anapogeuka Opereta

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu mambo vipi. Karibuni tena. Leo sijawaletea barabara wala maghorofa, nimewaletea ofisi yangu. Ngoja nirudi nyuma kidogo kamera iichukue yote... hapo.

Mbele mnaona lori la kawaida. Kabini, usukani, taa, sahani ya namba, magurudumu kumi. Sasa fuata mkono wangu. Pale mlipozoea kuona bodi la mchanga, kuna kabini ya pili, bumu (ule mkono mrefu wa kuchimbia) na ndoo, vyote vimekaa kwenye meza inayozunguka. Hiyo ni ekskaveta ya haidroliki iliyopandishwa kwenye chesisi ya lori. Haihitaji loubedi, lile trela la chini la kubebea mashine. Asubuhi naiendesha kwa magurudumu yake hadi kwenye mtaro, nachimba, jioni naondoka nayo.

Hii yangu bumu yake haikunjiki kama kiwiko. Inarefuka na kurudi kama droo, halafu inajizungusha yenyewe, ndoo inalala upande ninaoutaka. Aina hii walianza nayo ndugu wawili wa ukoo wa Ferwerda, kule Cleveland, Marekani, miaka ya 1940. Ndiyo maana nafagia mteremko wa mtaro wa barabarani hadi ukawa laini kama umepigwa pasi, bila kulitoa lori kwenye lami.

Ndugu mmoja aliniandikia wiki iliyopita: kaka, hiyo mashine inatisha wakati gani, ikiwa barabarani au ikiwa inachimba? Nimelifikiria swali lake siku nzima. Barabarani naogopa kama dereva yeyote. Kwenye kuchimba mkono umeshazoea. Ninapokaa macho kabisa ni zile dakika kumi za kuigeuza kutoka lori kuwa ekskaveta, na dakika kumi za kuirudisha. Hapo katikati haijawa hiki wala kile, na kila kosa nililowahi kulifanya au kuliona lilizaliwa hapo.

Tuanze na kusimama. Nafika, navuta handibreki, naweka gia huru, naweka choki, ile kabari ya kuzuia tairi lisibingirike. Halafu nawasha pitio, ile inayotoa nguvu ya injini ya lori na kuipeleka kwenye pampu ya haidroliki. Ziko mashine zenye injini mbili, moja ya lori na moja juu ya meza, mpangilio wake ni tofauti kidogo. Ziko pia zisizo na miguu ya kujitegemeza chini kabisa, zenyewe zinafunga ekseli isichezecheze. Hii yangu ina miguu minne, na hapa kwenye miguu naomba mvumilie, nitakaa kidogo.

Muone huu mguu. Kisahani chake cha chini ni kama sentimita 30 kwa 30. Ninapoizungusha bumu upande huu, tuseme tani 8 zinaangukia mguu huu mmoja. Gawanya: karibu kilo 9 kwa kila sentimita ya mraba. Ardhi iliyolowa haiwezi. Sasa chukua ubao mzito kama huu, 60 kwa 60, uweke chini ya mguu. Tani ni zile zile, lakini kila sentimita inabeba kilo 2 na kidogo. Ubao tu! Mzito kuubeba, unachafua nguo, na kuna watu wanaona uvivu kuushusha.

Mimi niliona uvivu siku moja. Tulikuwa tunachimba kando ya njia, ardhi juu imekauka, ngumu, nikaikanyaga kwa kisigino nikaridhika. Kumbe chini yake palikuwa na mtaro wa bomba uliofukiwa muda si mrefu. Nimenyoosha bumu upande, ndoo imejaa udongo, nikasikia kiti kinaondoka chini yangu taratibu. Taratibu kabisa, wala si kishindo. Kipovu cha pimamaji kwenye kabini kikaanza kutembea kuelekea pembeni. Akili inakwambia zungusha upesi urudi katikati. Usifanye hivyo. Nilichofanya ni kuishusha ndoo hadi ikagusa chini, ikawa mguu wa tano. Mashine ikatulia imeinama. Nikashuka magoti yanacheza. Mguu ulikuwa umezama hadi kwenye fundo.

Tangu hapo nauliza kwanza ardhi ina nini chini yake, ndipo nashusha miguu. Mabomba, nyaya, mitaro ya zamani. Michoro ikionyesha kuna kitu, sehemu ile tunaifukua kwa sepeto na mkono, ndoo inasubiri. Na mguu haukai karibu na ukingo wa shimo. Meta moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu hivi, mara nyingi zaidi. Ukingo ukimeguka unaondoka na mguu wako, na aliyekuwa ndani ya shimo hapati hata nafasi ya kupiga kelele.

Juu nako kuna mambo. Nyaya za umeme. Kwa laini za hadi volti 50,000, kanuni inayotumika sana ni kutokaribia chini ya mita 3, na umeme ukiwa mkubwa zaidi unaongeza umbali. Hapo ni sehemu yoyote ya mashine, hata ncha ya jino la ndoo. Umeme unaruka hewani, hausubiri uguse. Ikitokea umegusa, baki ndani ya kabini, waambie walio chini wakae mbali, usubiri umeme ukatwe. Kama mashine inawaka moto na huna budi kutoka, unaruka miguu imebana pamoja, usishike mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha unaburuza miguu bila kuinyanyua mpaka ufike mbali. Kunyanyua hatua kunaweza kukuua, kwa sababu volti chini ya mguu mmoja inatofautiana na ya mguu mwingine.

Halafu kuna mkia. Huu uzito wa nyuma ya meza. Opereta macho yako kwenye ndoo, mkia unapita nyuma yake kimya. Mtu akisimama kati ya mkia na kabini ya lori, hapo ni kama mlango unajifunga. Kwa hiyo mimi na utingo wangu tuna makubaliano: hasogei ndani ya mzunguko mpaka tumeonana macho na mimi nimeshusha ndoo na kuondoa mikono kwenye vishikio vya kuendeshea bumu. Akinitolea ishara ya kusimama nasimama, sina swali. Hata ishara hiyo ikitolewa na mpita njia, nasimama.

Sasa oili. Hapa ndipo ninapopenda, mnivumilie tena.

Zamani sana walitumia maji. Mwaka 1882 kampuni ya Armstrong ya Uingereza ilitengeneza mashine ya kuchimba inayosukumwa na maji, ikafanya kazi kwenye bandari ya Hull. Siku hizi ni oili, na presha inafika baa 250, nyingine zaidi. Baa 250 ni kama kilo 250 juu ya kila sentimita ya mraba. Silinda yenye pistoni ya upana wa sentimita 12 inasukuma karibu tani 28. Nguvu yote hiyo inapita ndani ya mpira huu. Huu hapa, mwembamba kuliko mkono wa mtoto.

Mpira ukipasuka wazi, utauona, oili inamwagika, unazima, unanung'unika, unabadilisha. Unaoniogopesha ni ule wenye tundu la sindano. Oili inatoka kama ukungu, pengine huioni kabisa. Ukipapasa kwa mkono kutafuta inapovuja, inaingia ndani ya ngozi. Hata glovu haizuii. Kidonda chake ni kinukta tu, na mwanzoni hakiumi sana, ndiyo maana watu wanafuta kwa tambara na kuendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono umevimba, nyama ndani inaoza. Hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa ile ile, na kumwambia daktari kwa maneno haya haya: oili imeingia kwa presha. Asipojua atakufunga plasta akurudishe nyumbani. Inahitaji upasuaji.

Ninavyotafuta mimi, angalieni. Miwani imevaliwa. Kipande cha boksi, nimekishika kwa mbali, nakipitisha polepole pembeni ya mpira. Mnaona? Hapa kikavu, hapa kikavu... hapa pametokea doa dogo, linatanuka. Basi huyu ndiye. Sigusi. Na siikazi nati wakati presha imo ndani.

Kuondoa presha kuna utaratibu wake, na kuzima injini peke yake hakutoshi. Ndoo inashushwa chini kabisa. Injini inazimwa. Halafu swichi ikiwa imewashwa, nachezesha vishikio pande zote mara kadhaa, kwa sababu kuna chupa ya presha inayotunza nguvu hata injini ikiwa imelala. Kisha nalegeza kifuniko cha tangi la oili kidogo kidogo, napisha hewa. Ufunguo unaingia mfukoni mwangu. Siuachi kwenye kabini, wala simpi mtu anishikie.

Kama bumu lazima ibaki juu wakati nafanya kazi chini yake, nategemeza kwa chuma au magogo. Sikai chini ya kitu kilichoshikiliwa na oili. Sili, ule mpira unaozuia oili ndani ya silinda, inaweza kuachia bila kukuaga.

Asubuhi kabla ya kuwasha kitu chochote naangalia rangi ya oili kwenye kioo cha tangi, ndoo ikiwa kwenye mkao ule uliochorwa kwenye kibandiko, maana silinda zikiwa zimenyooka kipimo kinadanganya. Oili ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Ikitoa povu, pampu inavuta hewa mahali. Ikinuka kuungua, ilichemka jana na hukujua. Na sikio pia lina kazi: pampu ikianza kulia kama imemeza kokoto, zima. Inakosa oili, inajila yenyewe.

Uchafu ndio unaomaliza mashine hizi, tena uchafu usioonekana. Jicho la mtu haliwezi kuona kitu chini ya maikroni 40 hivi (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja), na unywele wako ni kama 70. Pampu inachanika kwa vumbi la maikroni 10. Kwa hiyo nikiona fundi anaongeza oili kwa kopo lililokuwa limelala mchangani, roho inaniuma kweli. Futa kifuniko kabla ya kufungua, futa mdomo wa kopo, ziba kila mpira unaoufungua. Filta inabadilishwa kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine, na ukiitoa uipasue uangalie ndani. Vumbi la chuma linalong'aa ni pampu inakuandikia barua.

Grisi ni kila siku. Kila pini ina nipo yake, kile kichuchu cha kuingizia grisi. Futa kwanza, ndipo upige, mpaka ile ya zamani itoke pembeni ikiwa nyeusi na mpya ianze kufuata. Beringi ya meza unapiga kidogo, unaizungusha kidogo, unapiga tena. Usiizungushe huku mwenzako ameshika bomba la grisi, tafadhali. Na zile bolti zinazoishika meza kwenye chesisi zinakaguliwa kwa spana ya kipimo. Nikiona mstari wa kutu unachuruzika chini ya kichwa cha bolti najua inacheza.

Upande wa lori wengi mnaujua: nati za tairi, maji ya rejeta ikiwa imepoa, kutoa maji kwenye matangi ya hewa ya breki. Hayo siyarudii. Ila tu msisahau kwamba hilo lori limebeba uzito wake wote juu, kona linaichukua vibaya, polepole ndiyo mwendo.

Saa ya kuondoka imefika, utingo wangu ananiita pale. Njooni tufunge wote. Bumu inarudi ndani, inalala kwenye kitanda chake mbele. Ndoo inakunjwa. Pini ya kufunga meza... mnasikia? Huo mlio ndio naousubiri, "kla". Nilishawahi kufuatana na lori ambalo dereva wake hakuusikia huo mlio, na kwenye kona ya kwanza bumu ilianza kutoka pembeni kama mlango usiofungwa. Bahati barabara ilikuwa tupu. Kwa hiyo hiyo pini naisukuma kwa mkono hivi kuhakikisha.

Miguu juu, yote minne, nahesabu kwa kuzunguka, sihesabu kwa kioo. Mbao zimepakiwa na kufungwa kamba. Pitio imezimwa, taa yake kwenye dashibodi imezimika. Kimo cha mashine nimekibandika hapa juu ya usukani kwa namba kubwa, kwa ajili ya madaraja na nyaya. Choki imetolewa. Utingo amepanda, mkanda.

Haya, naweka simu chini, naendesha.