Usiingie Kabla Hujaona pa Kutokea

Aksanti sana. Wapapa, wamama, nanyi vijana wa pikipiki mliosimama mlangoni, ingieni, viti bado vipo huku mbele.

Mimi si mzoefu wa kuhutubia. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kukaa pembeni ya mtu anayejifunza kuendesha gari, hapa hapa Goma, mguu wangu ukiwa tayari juu ya breki ya pili. Nilipoombwa nije kuzungumza juu ya msongamano, niliona kwanza niende nikautazame kwa nje. Aliye ndani ya msongamano hauoni. Anaona plaki ya gari la mbele, basi.

Kwa hiyo nilikwenda Signers, kwenye ule mzunguko wa barabara, siku ya Alhamisi, jioni. Mama mmoja anayebadilisha pesa alinipa kiti, nikakaa na saa yangu na daftari.

Saa kumi na moja na dakika nane, HiAce iliyojaa abiria ilifika kwenye mlango wa mzunguko. Mbele yake palikuwa pamejaa, na dereva alipaona, kwa sababu nilimwona akinyanyua shingo. Lakini palikuwa na nafasi ya urefu wa gari moja, na hapa kwetu nafasi iliyo wazi barabarani huonekana kama pesa iliyoanguka: usipoiokota wewe, ataiokota mwenzako. Akaingia, akasimama, na mkia wa gari lake ukabaki umeziba njia ya wanaotoka. Lori la mbao lililotaka kutoka pale likakwama, nalo likaziba mlango wa pili. Taksi ikajipenyeza ikaziba wa tatu. Gari la nne, la jeep, likamaliza kazi. Dakika tatu hazijaisha, magari manne yalikuwa pale, kila moja limekanyaga mkia wa jingine. Pikipiki zikajaza mianya iliyobaki kama mchanga kati ya mawe. Kijana mmoja wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, amebeba makabichi, akaweka mguu chini, akajipangusa uso kwa kofia, akangoja. Chukudu yenye mzigo hairudi nyuma.

Zikaanza honi. Nawaambia, sijaona gari lililosogezwa na honi.

Hali hiyo ilidumu dakika ishirini na tatu. Kisha akaja askari wa barabarani, mama mmoja mwembamba. Hakupiga filimbi. Alipita katikati ya magari mpaka kwenye ile HiAce, akagonga kioo, akamwambia dereva: "Papa, rudia nyuma kidogo." Konvoyeri, yaani utingo wake, akashuka, akawaomba motari wawili wa pikipiki wasogee, HiAce ikarudi nyuma. Kama nusu mita hivi, hata si zaidi. Lori likapata pa kuingiza pua, likatoka. Taksi ikafuata. Dakika nne baadaye kila kitu kilikuwa kinatembea.

Ndugu zangu, katika zile dakika nne hakuna barabara iliyopanuliwa. Hakuna gari lililopunguzwa mjini. Ni magari yale yale na mawe yale yale. Kilichobadilika ni kwamba mlango mmoja wa kutokea ulifunguliwa. Ndilo neno nililokuja nalo leo, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo: usiingie kwenye makutano kabla hujaona pa kutokea.

Sasa tuangalie kwa nini mzunguko unakufa kirahisi namna ile. Sisi tunaendesha upande wa kuume, kwa hiyo tunazunguka kinyume cha mshale wa saa, na kila anayeingia anatokea kuume kwa aliye ndani. Sasa wekeni hapo lile fundisho ambalo wengi wetu tulilimeza tangu siku ya kwanza ya kujifunza: mpishe anayetoka kuume. Kwenye njia panda ya kawaida isiyo na alama, fundisho hilo linafaa. Kwenye mzunguko linaleta balaa, kwa sababu aliye ndani anasimama ili ampishe anayeingia. Wanaingia watu, hawatoki. Ni kama nyumba ambayo kila mgeni anakaribishwa na hakuna anayeruhusiwa kuaga.

Msidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Waingereza waliteseka nao miaka mingi, mpaka mwaka 1966 walipoweka kanuni kwamba anayeingia amngoje aliye ndani. Wafaransa, ambao nao walikuwa na mazoea ya kumpisha wa kuume, walibadilisha kanuni yao ya mzunguko mwaka 1983, na ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na wengi wetu tumeijua kwa kusimuliwa na dereva aliyetutangulia, naye alisimuliwa na wake. Mimi katika gari langu la mafunzo nafundisha hivi: aliye ndani apite kwanza, atoke, na mkono wa askari uko juu ya kila alama na kila zoea. Askari akikusimamisha ilhali unajiona una haki, simama. Yeye amesimama mahali anapoona milango yote minne. Wewe unaona mmoja.

Nataka mfanye hesabu ndogo pamoja nami. Foleni inapotembea vizuri, gari moja hupita kwa kila sekunde mbili hivi. Kwa saa nzima ni kama magari 1,800 kwa mstari mmoja. Kwa hiyo aliyesimama kwenye mdomo wa mzunguko kwa dakika moja tu, ashushe abiria, apokee franka zake, ahesabu, arudishe chenji, amezuia magari thelathini. Yeye anasema, "Ni dakika moja tu, mwalimu." Kweli ni dakika moja. Lakini ni dakika moja ya kila aliye nyuma yake.

Kuna jaribio lililofanywa Japani ambalo nikiwasimulia wanafunzi wangu huwa hawaamini. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Watafiti walichora duara la mita 230 kwenye uwanja ulio tambarare, wakapanga magari 22, wakawaambia madereva waende kwa mwendo mmoja, kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na mzunguko, wala soko, wala shimo, wala mtu wa kuvuka. Mwanzo walikwenda vizuri. Kisha mmoja akamkaribia mwenzake kidogo mno, akagusa breki. Wa nyuma akagusa zaidi. Wa nyuma yake akasimama kabisa. Msongamano ukazaliwa hivyo, ukawa unarudi nyuma kwenye duara kama wimbi kwa kilomita kama 20 kwa saa, na yule aliyeuanzisha alikuwa amekwisha kwenda zake. Ukimbana wa mbele, hufiki mapema. Unaanzisha wimbi litakalomkuta mtu usiyemjua, pengine mama aliye kwenye taksi akienda kujifungua.

Ngoja, kuna mkono umenyanyuka huko nyuma. Ndiyo, kijana wangu.

Nimesikia. Kwa wasiosikia, anasema: "Mwalimu, wewe unaongea kama mtu mwenye mshahara. Nikisimama mbali na Signers, mteja anachukuliwa na aliyesimama karibu. Jioni mwenye pikipiki anataka pesa yake. Nitafanya je?"

Umesema ukweli, na nakushukuru kwa kuusema mbele ya watu. Motari akisimama peke yake hatua kumi na tano kutoka kwenye mdomo wa mzunguko, atalala na njaa. Mkisimama wote hatua kumi na tano, hakuna anayepoteza mteja, kwa sababu mteja naye ana miguu, atatembea hizo hatua. Tatizo lenu ni la kukubaliana, na nyinyi mnajua kukubaliana kuliko sisi wote. Mwenzenu akianguka, nawaona mnavyochanga pesa kabla hata hajafikishwa hospitali. Sikubali mtu anayesema motari ndio ugonjwa wa Goma. Bila nyinyi mtu wa Mugunga asingefika kazini. Lakini pikipiki kumi zikijipanga kwenye mdomo, mstari mmoja wa magari umekufa, na nyinyi wenyewe ndio mnaokwama baadaye na mteja mgongoni.

Wenye HiAce, sasa ni zamu yenu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu jambo hili linaninyima usingizi.

Magari yetu mengi yalitengenezwa Japani, kwa watu wanaoendesha upande wa kushoto, yakatufikia kupitia Mombasa au Dar es Salaam, ambako nako wanaendesha kushoto. Usukani uko kulia. Mlango wa abiria, ule wa kusukuma, uko kushoto. Kule kwao mlango huo unafunguka kwenye ukingo wa barabara, penye usalama. Hapa kwetu unafunguka katikati ya barabara. Fikirini vizuri: gari limesimama pembeni kama inavyotakiwa, dereva hajakosa kitu, na mtoto wa shule anashuka akitazama chini asikose ngazi, mguu wake unatua pale pale zinapopita pikipiki.

Nilimwona mmoja kwa macho yangu, kwenye barabara ya Sake. Msichana wa shule ya msingi, sketi ya bluu, kitabu mkononi. Pikipiki ilimkosa kwa upana wa kile kitabu. Hakulia. Aliinama akaokota kitabu, akakipangusa vumbi, akavuka. Mimi ndiye niliyebaki natetemeka.

Dereva wa usukani wa kulia ana shida nyingine pia: akiwa nyuma ya lori hawezi kuona kama mbele ni salama mpaka atoe gari karibu zima kwenye upande wa wanaokuja. Kwa hiyo anamtegemea konvoyeri au abiria wa kushoto kumwambia "nenda." Maisha ya watu kumi na tano yanategemea jicho la mtu ambaye pengine hajawahi kushika usukani. Mimi nimefundishia gari la namna hiyo miaka sita, sikuwa na jingine. Niliwakataza wanafunzi wangu kulipita lori mjini, hata moja, hata likienda kama chukudu kwenye mlima. Na kwa kushusha abiria naomba kitu kimoja tu: konvoyeri ashuke wa kwanza, asimame upande wa nyuma, anyooshe mkono, ndipo abiria washuke. Ni sekunde tano. Na mahali pa kushukia pasiwe kwenye mdomo wa mzunguko.

Kuna waliosema tupatiwe taa, au yale maroboti ya kuongoza magari ya Kinshasa. Ni kazi nzuri ile. Yalianza kuwekwa barabarani mwaka 2013, yalibuniwa na mhandisi mwanamke Mkongomani, Thérèse Izay Kirongozi, na natamani watoto wetu wa kike wajue jina lake. Lakini taa ya kijani haikufungulii njia kama mbele pamejaa. Ukiingia kwa sababu ni kijani na ukakwama katikati, umeziba kama yule wa HiAce.

Sasa niwaambie kwa nini nalishikilia jambo hili kiasi hiki. Wenye umri wangu mnakumbuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilivyopita katikati ya mji mpaka ziwani. Barabara kadhaa tunazogombania leo zimelazwa juu ya lava ile. Na wote mliomo humu mnakumbuka 2021. Mlima wa moto Nyiragongo ulilipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei. Barabara ya Rutshuru ikakatwa. Alhamisi, tarehe 27, alfajiri, tukaambiwa tuhame, tuelekee Sake.

Nilikuwa na mama yangu kwenye gari, amekaa mbele, amepakata redio yake. Barabara ile ina upande wa kwenda na upande wa kurudi. Sisi tulizijaza pande zote mbili, kisha tukajaza na pembeni. Kila mtu aliona nafasi ya urefu wa gari moja akaiokota, nami niliokota yangu, siwafichi. Mahali fulani tukakutana uso kwa uso na gari la wagonjwa lililokuwa linarudi mjini, taa zake zinawaka. Halikuwa na pa kupita. Sisi hatukuwa na pa kurudi. Watu wakashuka kwenye magari, wakayasukuma kwa mikono juu ya mawe, moja baada ya jingine, mpaka likapata uchochoro. Mama yangu hakusema neno. Alinyoosha mkono akazima redio.

Mji wetu una mlima wa moto kaskazini na ziwa kusini. Siku nyingine ya namna ile, tutaendesha kwa mazoea yetu ya kila jioni, yale yale ya Signers, kwa sababu mtu akiwa na hofu hafikirii. Mikono yake inafanya ilichozoea. Ndiyo sababu nahesabu nusu mita.

Nimezungumza na madereva tisa wa HiAce za Ndosho, wako humu ukumbini, nao wamekubali kuanza. Jumatatu saa tisa mchana tutachora mistari ya chokaa kwenye midomo yote ya mzunguko pale Signers, hatua kumi na tano kila upande, kwa ruhusa ya askari wa zamu. Nahitaji motari wawili kwa kila mdomo, wale ambao wenzao huwasikiliza. Wewe kijana uliyeuliza swali, naomba uwe wa kwanza, uandike jina lako hapa mezani kabla hujatoka. Chokaa nimeshanunua. Wenye ndoo, leteni ndoo.