Jaribio la Asidi na Besi kwa Maua na Musherekha

Habari zenu walimu, nanyi wanafunzi mnaotazama kwa simu ya mzazi. Tuko Kakamega, na leo tunatengeneza kiashiria cha asidi na besi, yaani rangi inayogeuka ikikutana nazo, bila kufungua mlango wa maabara.

Chuma maua mekundu ya haibiskasi, matano au sita. Bogenvilia iache, maana rangi yake haigeuki sana ikikutana na asidi. Toa petali, zikatekate, uziponde kwenye kinu. Tia spiriti kidogo kidogo, ukiponda, mpaka petali zipauke. Spiriti hushika moto upesi, kwa hivyo pasiwe na jiko linalowaka karibu. Chuja kwa kitambaa safi. Rangi uliyoichuja ndiyo kiashiria chetu; itumie leo leo.

Sasa panga vifuniko vyeupe vya chupa. Tia limau katika kimoja, kingine siki, kingine maji ya mvua, kingine magadi ya kupikia yaliyoyeyushwa. Cha mwisho ni musherekha, ule tunaopikia mrenda: majivu ya maganda ya maharagwe yaliyochujwa kwa maji. Uwe mwangalifu, usikurukie machoni. Na kwa kuwa una rangi ya strungi, yaani chai isiyo na maziwa, uzimue kwa maji kwanza, la sivyo utaficha rangi tunayoitafuta.

Mwalimu, usidondoshe kitu bado! Kila mwanafunzi aandike kwanza anachotarajia, na kwa nini. Ukifika kwa musherekha darasa litagawanyika. Waache wabishane, hiyo ndiyo sayansi yenyewe.

Haya, dondosha kiashiria katika kila kifuniko. Kama hamna dropa, chovya mrija wa soda, ziba juu kwa kidole, kisha achilia. Usivute kwa mdomo. Tazameni: limau na siki zinaiva wekundu. Maji hayabadilishi sana. Magadi yanageuka kijani, na musherekha vilevile. Ukiwa mkali sana huenda ukaelekea manjano. Ni besi, kwa sababu majivu yana potasiamu kaboneti.

Msimwage. Ongezeni limau tone kwa tone kwenye kile kifuniko cha musherekha, mkikoroga. Mapovu mnayoyaona ni gesi ya kaboni dayoksaidi. Kijani kitafifia, kisha wekundu utatokea. Kila kikundi kihesabu matone yake na kuyaandika ubaoni: waliochuja musherekha mzito watamaliza limau nyingi kuliko wenzao.