Mbona Hukupewa Wakili wa Bure? Leo Nawajibu

Assalaam aleykum jamani, na wengine habari za huko. Nipo ndani ya gari nje ya kazini, nimebakiza kama dakika 40 kabla sijaingia zamu ya usiku. Msianze "ooh dada ana ndinga kali". Gari la mkopo hili, na hiyo taa nyekundu mnayoiona kwenye dashibodi inawaka tangu Ramadhani.

Haya, swali. Tangu niweke ile video ya kesi yangu ya uhamiaji hapa Marekani, niliyosema nimemlipa wakili dola 4,500, komenti ni ile ile imevaa nguo tofauti. "Dada, si tunaona kwenye filamu polisi wa Marekani anasema una haki ya wakili, na kama huna uwezo utapewa? Sasa hizo dola 4,500 ulimpa nani?" Mwingine hata salamu hana: "Muongo huyo, anataka tujue ana hela ya kumlipa wakili." Mwingine: "Anatutisha tusiende, wafaidi wenyewe." Yaani nikisema kugumu, nawabania. Nikisema kuzuri, naringa. Basi naijibu leo, na atakayeuliza tena nitambandikia video hii hii.

Maneno ya kwenye filamu ni ya kweli. Yalitokana na kesi ya mwaka 1966 ya mtu aliyeitwa Ernesto Miranda, wa Phoenix, Arizona. Si mtu wa kumlilia sana, alishitakiwa kwa kuteka na kubaka. Polisi walimhoji kwa muda wa saa mbili hivi, akatia sahihi maungamo, na hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kunyamaza au kuomba wakili. Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, ikayatupa yale maungamo. Akashitakiwa upya bila hayo maungamo na jela akaenda vilevile. Alipotoka akawa anauza zile kadi za polisi zilizochapwa haki za mtuhumiwa, kaweka na sahihi yake! Mwaka 1976 akachomwa kisu baa, hukohuko Phoenix, akafa.

Lakini Miranda ndiye aliyewafanya polisi waseme. Aliyefanya wakili apatikane ni mwingine, na huyo mwingine ndiye ninayempenda mimi. Kama mna haraka ruka, ila mtakosa uhondo.

Anaitwa Clarence Earl Gideon. Mzungu maskini, shule aliishia darasa la nane, na jela alishaizoea. Mwaka 1961 kule Panama City, Florida, wakasema kavunja ukumbi wa kuchezea pool, kachukua vinywaji na sarafu za kwenye mashine. Shahidi anasema alimwona anatoka na chupa ya divai, mifuko imejaa chenji. Ni kesi ya chenji! Siku ya kesi akamwambia jaji, naomba wakili, sina pesa. Jaji akamjibu kwamba sheria ya Florida inatoa wakili kwa kesi za adhabu ya kifo tu. Hapo wale wa nyumbani mtaelewa haraka, kwa sababu hata kwetu Tanzania mtu akishitakiwa kwa mauaji serikali inamwekea wakili, lakini ukishitakiwa kwa kuiba kuku mara nyingi utajijua. Gideon akajitetea mwenyewe, akahoji mashahidi kwa akili zake, akala miaka mitano.

Sasa mwangalieni. Yuko gerezani, kachukua penseli. Karatasi ni ya gereza, ina mistari, juu imechapwa kanuni za barua za wafungwa. Akaandika kwa herufi za kutengana, tahajia inayumba huku na huku, akapeleka moja kwa moja Mahakama ya Juu ya Marekani. Ada hakulipa, kwa sababu kuna utaratibu wa fukara kuomba bila kulipa. Na wakaipokea. Wakamwekea wakili mkubwa wa Washington, Abe Fortas, ambaye mwaka 1965 akawa jaji wa mahakama hiyohiyo. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote tisa wakakubaliana naye. Jaji Hugo Black akaandika kwamba kwenye mahakama za jinai wakili si anasa, ni lazima. Katiba yao ilikuwa inataja haki ya wakili tangu 1791, lakini baadhi ya majimbo, Florida ikiwemo, yalikuwa yanaona hayo ni mambo ya serikali kuu huko juu, hayawahusu.

Kesi ikarudiwa Agosti 1963, safari hii ana wakili. Baraza la raia wa kawaida, wenyewe wanaliita juri, likakaa kama saa moja tu. Hana hatia. Shahidi yule yule, chenji ile ile.

Mimi hadithi hii nilihadithiwa na bibi mmoja ninayemwogesha kazini, alikuwa mwalimu wa historia. Mwili umechoka lakini akili inakata kama wembe. Nilimwambia kwa uchungu, "Bibi, nchi yenu inasema wakili bure, mbona mimi nimelipa?" Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, mwanangu, hiyo ni ya jinai.

Ndiyo jibu lenyewe hilo. Wakili wa bure ni wa kesi ya jinai, ile inayoweza kukupeleka jela. Uhamiaji kwao ni kesi ya madai. Wanaweza kukufunga pingu, wakakuweka mahabusu, wakakupandisha ndege ukawaacha watoto wako shuleni, na bado kisheria hujaadhibiwa. Mahakama ya Juu ilishalisema mwaka 1984 kwenye kesi ya Lopez-Mendoza, jamaa wa Mexico aliyekamatwa akiwa kazini gereji kule California: shauri la kumrudisha mtu kwao ni la madai tupu. Niliposoma hilo nilitamani jaji mmoja aje akae kwenye benchi ya ukumbi wa mahakama ya uhamiaji dakika kumi, tumbo lake likimsokota kama langu.

Na haikuanza 1984. Sheria mama ya uhamiaji ni ya mwaka 1952. Rais Truman aliikataa, Bunge likaipitisha kwa nguvu. Hiyo ndiyo iliyoendeleza mgawo wa wahamiaji kwa kila nchi, na Tanganyika yetu tulipangiwa watu 100 kwa mwaka. Mia! Basi moja na nusu la Tanga–Dar. Mgawo huo ulikuja kufutwa na sheria ya 1965, aliyoisaini Rais Johnson chini ya Sanamu ya Uhuru, na hiyo ya kuunganisha familia ndiyo iliyonileta mimi. Kwa hiyo msiseme nailaani nchi ya watu. Sheria iliyonileta naijua, na iliyonikamua naijua.

Kwenye hiyo ya 1952 wameandika kwamba ukiitwa kwenye shauri la kuondolewa nchini una haki ya wakili, halafu wakaweka kipande cha maneno. Naja kwenye hicho kipande.

Yaliyonikuta ni haya. Mume wangu raia, nikapewa grinikadi, kile kibali cha kuishi, ya miaka miwili, ile ya masharti. Kabla haijaisha mnajaza fomu pamoja kuonyesha ndoa ni ya kweli, mnaambatanisha mikataba ya pango, akaunti ya benki, picha. Tukajaza. Katikati ya kusubiri tukahama. Nikaenda posta nikabadilisha anwani, nikajiona mjanja. Kumbe posta ni posta na uhamiaji ni uhamiaji, wao unatakiwa uwaarifu wenyewe ndani ya siku 10. Wakaandika barua ya kuomba vielelezo zaidi, ikapotelea kwenye nyumba ya zamani. Muda ukaisha, ombi likakataliwa. Aliyenitafuta hadi akanipata kunikabidhi bahasha ya mwisho ni mpangaji mpya wa ile nyumba, mama wa Kinepali, tena na matembele kaniletea.

Nikaifungua jikoni. Wito wa kwenda mbele ya jaji wa uhamiaji. Kiingereza changu nakijua, lakini mkono ukitetemeka hata Kiswahili hakisomeki. Nikateremka mpaka kwenye mstari wa wakili. Imeandikwa unaweza kuwakilishwa na wakili "at no expense to the Government". Mimi macho yakaona "no expense" yakasimama hapo. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni: BURE, ALHAMDULILLAH. Hiyo hapo, mnaiona? Mwandiko wangu huo.

Mume alirudi usiku akaisoma taratibu. Akaniambia, mama, isome tena. Bila gharama kwa nani? Kwa serikali. Yaani wakili ni haki yako, ila serikali isiulizwe senti tano.

Kuna orodha ya mashirika na mawakili wa kujitolea, na hiyo wanakupa. Nilipiga simu siku zangu mbili za mapumziko zote. Wawili hawakupokea. Mmoja kajaa, hapokei kesi mpya. Mwingine anachukua waomba hifadhi tu. Nikaenda kwa kaka mmoja wa jumuiya yetu hapa anayejazia watu fomu, akala dola 600 zangu, baadaye ndiyo najua hata leseni ya uwakili hana, na fomu aliyojaza haikuwa ile. Jina lake sitaji, yeye anajijua. Mwisho wakili wa kweli: dola 150 za kumwona tu, halafu 4,500 kwa kesi nzima, kwa mafungu. Kwa pesa ya nyumbani ilikuwa zaidi ya milioni 11, na mimi nalipwa kwa saa.

Siku ya kwanza mahakamani tulikuwa ukumbi umejaa, watu na watoto wachanga. Mkalimani anawekwa na serikali, huyo ndiyo bure! Wangu alikuwa kwenye simu, Kiswahili cha Bukavu, kule Kongo. Ananiuliza, "Mama, muko na avoka?" Nikaganda. Nikajiuliza parachichi zinaingiaje hapa. Kumbe avoka ndiyo wakili. Nikajibu ninaye. Kabla yangu alisimama msichana mdogo ana mtoto mgongoni, akaulizwa hivyo hivyo, akasema hana. Jaji akampa muda akatafute. Sijui alimpata wapi, kama alimpata.

Mwaka mmoja na miezi minane. Jaji akaukubali ushahidi wa ndoa, grinikadi ikarudi. Ndiyo maana nimekaa hapa nawaambia.

Na wale wanaosema basi heri kukamatwa kwa jinai upate cha bure, mdomo wenu huo! Hao mawakili wa bure wana mafaili rundo, wengine mnakutana mlangoni mwa mahakama. Na hukohuko Florida kwa Gideon leo ukiomba wakili wa umma unatozwa ada ya dola 50 ya maombi. Na ukikiri kosa la jinai ili yaishe upesi, uhamiaji wanakusubiri nje na faili lako.

Hii ni kesi yangu mimi. Yako ni yako, jimbo lako ni lako, na sheria hizi zinabadilika ukiwa umelala. Mimi si mwanasheria, mimi naogesha wazee. Ila yule mdogo wangu wa Minnesota aliyeniandikia kwamba bahasha imemfikia: tarehe uliyopewa nenda, hata kama huna wakili, hata kama una homa. Usipotokea jaji anaweza kuamuru uondolewe wewe ukiwa kitandani. Na anwani badilisha kwao leo, si kesho.

Sasa la mwisho, na hili si la kila mtu. Wakati nalipa yale mafungu, kaka yangu alikuwa anaoa. Kamati ya harusi ikapanga walioko nje milioni moja moja. Nikaandika kwenye grupu la familia kwamba nina kesi, namlipa wakili, nitatoa laki mbili. Mjomba wangu, aliyenilea kwetu Ngamiani, akatuma sauti mbele ya watu 60: "Marekani wakili anatolewa na serikali, tunaona kwenye tivii kila siku. Mtoto huyu kajisahau." Hakuna aliyenitetea. Harusi imepita, picha nimeziona kwa watu, na mjomba simu yangu hapokei mpaka leo.

Mjomba, shikamoo. Najua unaangalia, Mwanahawa ameniambia unaangalia kwa simu yake. Karatasi hii hapa, naisogeza karibu na kamera. Ukurasa wa pili, mstari niliouzungushia. Mwambie Mwanahawa asimamishe video akuze, akusomee neno kwa neno, mpaka lile la mwisho nililoliruka mimi. Na kile nilichoandika pembeni kwa kalamu, akusomee na hicho.

Haya, wananiita ndani.