Mchele Ukamwagika: Andy, Woody na Gari la Kopo

MAKAME: Assalaam aleikum, karibuni tena barazani. Mie Makame, na huyu hapa dada yangu Mwanaidi, jana usiku kanitumia voisi ya dakika sita analia kwa sababu ya katuni.

MWANAIDI: Sikulia bwana, nna mafua. Mwanangu ndo kaitaka, Toy Story 3, ile ya 2010, nkasema haya ntakaa nae kidogo huku nachagua mchele, basi mchele ulibaki kwenye ungo mpaka katuni ikaisha.

MAKAME: Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1 duniani, katuni ya kwanza kufika huko, kwa hivo mafua hayo unayo na watu wengi. Haya, kwa asoijua: Andy ndo mwenye wanasesere, nao wana uhai wao asioujua. Sasa keshakuwa na miaka 17, anakwenda chuo. Woody, yule mwanasesere kipenzi chake, kamtia kwenye boksi la kwenda nalo, wanasesere wengine kawatia mfukoni wawekwe darini, mama'ke akauona mfuko akajua taka, akautoa nje. Wao wakaona washatupwa, wakaishia kituo cha kulelea watoto kwa yule dubu wa kuchezea, Lotso.

MWANAIDI: Ananukia stroberi, roho ina kutu! Lakini tusikae kwa dubu. Ile mwisho, Andy anampa yule mtoto Bonnie wanasesere wake mmoja mmoja, kila mmoja anamtajia jina na tabia yake, kumbe Woody nae yumo chini ya boksi na yeye Andy hajui. Mtoto ananyoosha mkono, Andy anamvuta Woody nyuma. Mkono umekwenda wenyewe! Hapo ndo mchele ukamwagika.

MAKAME: Mkono ule naujua mie. Naondoka Pemba kuja Unguja kusoma, nna gari langu la kopo la maziwa, magurudumu nlikata kwenye ndara ya babu, na bakora nlikula, lina mti mrefu wa kulisukumia. Mtoto wa jirani kaja kulifata hata begi sijafunga. Nkampa. Halafu nkamwambia hebu lete kwanza, nkalisukuma mpaka kisimani na kurudi, mtu mzima nna ndevu.

MWANAIDI: Na ndevu!

MAKAME: Tatu, lakini ndevu.

MWANAIDI: Sie wa mjini mkono wa Idi wote ulikuwa unaishia Mnazi Mmoja, unanunua mwanasesere wa plastiki, kufika magharibi kichwa mbali mguu mbali, sasa utakua nae saa ngapi huyo?

MAKAME: Na alomtia sauti Andy, John Morris, ni yuleyule tangu ya kwanza 1995 alipokuwa mtoto, akarudi 1999, na hii ya tatu wakamfata yeye tena. Ile sauti nzito imekua kweli.

MWANAIDI: Usinambie! Ngoja, ntaitazama tena. Ila mie nlikuwa upande wa mama'ke Andy. Kutwa kumpigia kelele Andy, panga chumba, hiki taka hiki si taka, halafu anaingia mle ndani anakuta kuta tupu, pumzi inamkata. Wanangu bado wadogo, nkawatazama pale kwenye mkeka nkasema ee Mola.

MAKAME: Mama yangu hakulia kabisa, pale bandarini Mkoani ni kuhesabu tu. Mkate wa kumimina umetia? Mafuta ya nazi umetia? Boti inapiga honi yeye bado yuko kwenye mafuta.

MWANAIDI: Ndo kulia kwao huko.

MAKAME: Basi Ramadhani nkarudi, nkatumwa kwenye kasha kutoa shuka. Chini kabisa, imefungwa kwenye kanga, nkaikuta ile ndara ya babu. Ina matundu manne ya duara. Miaka yote mama anasema keshaitupa.

MWANAIDI: ...

MAKAME: Mwanaidi?

MWANAIDI: Weka tangazo bwana, mafua yamenirudi.