Kijiko Mezani: Tunachambua Shairi (au Tulikusudia)

SAUMU: Haya, karibuni. Beka yupo, chai anayo, kwa hiyo kipindi kipo. Mimi wiki hii nimezama kwenye rundo la insha.

BEKA: Ndiyo maana macho mekundu hivyo. Insha za nini, Mwalimu?

SAUMU: Uchambuzi wa shairi. Niliwapa "Mamba" la mshairi Abdilatif Abdalla, lile la mamba anayejigamba mtoni. Sasa msikie mmoja: "Mshairi ametumia takriri," yaani kurudia maneno, "ili kusisitiza ujumbe." Aya ya pili: "Ametumia tashihisi," yaani kumpa mnyama tabia za mtu, "ili kusisitiza ujumbe." Ya tatu, inkisari, yaani kufupisha neno...

BEKA: Ili kusisitiza ujumbe!

SAUMU: Umejuaje?

BEKA: Mimi mtihani nilipasi kwa neno hilo. Usilitukane.

SAUMU: Basi leo atakayelitamka nagonga kikombe kwa kijiko.

[Kijiko kinagonga kikombe.]

BEKA: Hiyo ya nani?

SAUMU: Ya kwako, ya mtihani.

BEKA: Na "kutilia mkazo" je?

[Kijiko.]

BEKA: Ala! "Kukazia"?

[Kijiko.]

SAUMU: Ni yuleyule, kabadilisha kanzu. Tuna mambo matano ya kuwapa wasikilizaji leo, tuanze na umbo. Beti ina mishororo mitatu. Kila mshororo una vipande viwili, cha kwanza mizani 4, yaani silabi nne, cha pili mizani 8. Wanafunzi wamehesabu vizuri, vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, wamevitaja, wakajiendea zao. Hakuna aliyeuliza kwa nini kile kifupi kinatangulia.

BEKA: Nauliza mimi. Kwa nini?

SAUMU: Mimi namsikia mtu anayetamka kidogo, anageuka kutazama nani anasikiliza, ndipo anamalizia.

BEKA: Mimi namsikia mamba anapiga kifua. Kishindo kwanza, maneno baadaye.

SAUMU: Na yote mawili yanaandikika, ilimradi useme ni mshororo gani uliokusikilizisha hivyo. Ndipo uchambuzi unapoanzia. Kuhesabu mizani ni kazi ya vidole tu.

BEKA: Na vina? Au navyo ni vya kusisi...

[Kijiko.]

BEKA: Sikumaliza!

SAUMU: Silabi mbili zinatosha. Tazama ubeti wa pili, vina vya ukwapi, kile kipande cha kwanza. "Kuna mamba." Chini yake?

BEKA: "Ajigamba."

SAUMU: Chini yake?

BEKA: "Yuwaamba." Ahaa! Majigambo yake yamechongwa kwenye jina lake mwenyewe. Hawezi kufungua kinywa bila kujitaja.

SAUMU: Sasa hiyo sentensi yako ya mwisho mwanafunzi angeiandika, ningempa alama kabla sijafika chini ya ukurasa. Amesema kina ni kipi, kiko wapi, kinamfanya nini mamba.

BEKA: Kwa hiyo kina hapa kinasisitiza...

[Kijiko, mara mbili.]

BEKA: Kinamuumbua! Kinamuumbua, nimesema!

SAUMU: Umeona lugha ilivyo pana? Hata takriri si kazi moja. Neno likirudiwa linaweza kubembeleza, kukejeli, kuchosha kwa makusudi, hata kuonesha msemaji hajiamini, ndiyo maana anarudia.

BEKA: Haya. Lakini hao wanafunzi wamesema huyo mamba ni nani?

SAUMU: Hapo ndipo kalamu nyekundu ilipofanya kazi. Aya ya kwanza ya wengi: Abdilatif alifungwa 1969 hadi 1972 kwa waraka wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", diwani yake ya Sauti ya Dhiki, yenye shairi hili, ikatoka 1973. Nimeikata yote.

BEKA: Umeikata? Saumu! Mtu ameandika gerezani, kwenye karatasi za chooni, wewe unakata?

SAUMU: Sikatai kwamba ni kweli. Ila ukianza na gereza, mamba anakuwa serikali kabla hujamtazama. Takaburi yake, yale majivuno, huioni, mto huuoni. Umeshapata jibu, unatafuta swali.

BEKA: Na ukianza na mto utaishia mtoni. Utaniandikia kurasa mbili za mnyama mwenye maringo.

SAUMU: Hapana, kwa sababu ubeti wa kwanza unasema wazi kwamba hili ni fumbo, wanaoweza wafumbue. Shairi limekuonya lenyewe.

BEKA: Limenionya kuna fumbo. Ufunguo limenipa? Anayelifumba ana sababu ya kufumba, na sababu yake ina tarehe na ina kufuli.

SAUMU: Kwa hiyo anayelisoma leo akamwona bosi wake mle ndani, amekosea?

BEKA: Hajakosea. Amepunguza.

SAUMU: Ameongeza!

BEKA: Amepunguza, Mwalimu. Bosi hakufungi miaka mitatu kwa karatasi.

SAUMU: Nafsi neni, yule anayesema ndani ya shairi, si lazima awe mshairi. Hilo ni somo la kwanza kabisa.

BEKA: Nalijua. Ila mwenye kalamu alikuwa na jina na namba ya mfungwa. Nafsi neni haikulala sakafuni.

SAUMU: Sikubali.

BEKA: Nami sikubali. Mrudishie mtoto aya yake.

SAUMU: Simrudishii. Aisogeze chini, baada ya mamba, hapo tutazungumza.

BEKA: Huko chini itakuwa mapambo.

SAUMU: Beka, saa hiyo. Dakika mbili zimebaki na tumegusa jambo moja kati ya matano. Tasnifu ya insha, yaani hoja yake kuu, bado, kunukuu bado, toni hata hatujaitaja.

BEKA: Lawama iende kwa kijiko.

SAUMU: Kwa ufupi basi: ukinukuu, nukuu kipande, usimwage ubeti mzima halafu useme "kama inavyoonekana". Na utangulizi uuandike mwisho, ukishajua ulichokisema.

BEKA: Hilo nalo nalipinga.

SAUMU: Muda umekwisha.

BEKA: Utangulizi mwisho? Mwalimu, niachie hata nusu dak...

[Mwisho wa kipindi.]