Mkazo kwenye ncha ya ufa unaokimbia

Karibuni sana jamani. Leo naongelea ufa ukiwa mbioni. Kwenye kioo cha kawaida ufa ukishashika spidi unaenda kama mita 1500 kwa sekunde, yaani kipande cha sentimita 30 kinapasuka chote ndani ya sekunde moja ukiigawa mara 5000, sasa hapo mkazo utaupimaje? Geji, kile kipimo kidogo cha mkazo kinachobandikwa juu ya kitu, ukiibandika inakusomea pale ilipobandikwa tu, ncha ya ufa ilishapita.

Kinachoiwahi ni mwanga. Mwanafizikia Brewster aliona tangu miaka ya 1810 kwamba kioo kikibanwa kinaugawa mwanga mara mbili, mmoja unachelewa kuliko mwenzake, na ukikiweka katikati ya polaroidi mbili, yaani vichujio vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, ule uchelewaji unatokea kama mistari, kwa hiyo ukihesabu mistari umeshapima tofauti ya mikazo. Kwenye ncha ya ufa mistari inajikunja kuwa vitanzi, kimoja juu kimoja chini, vinazidi kubanana kadiri unavyoisogelea ncha. Mwaka 1958 watafiti Wells na Post walivipiga picha ufa ukiwa unakimbia, na mwenzao wa fani, Irwin, akaonesha kuwa ukubwa wa kitanzi na jinsi kilivyoinama vinatosha kukokotoa nguvu ya mkazo pale nchani. Kwangu mimi hii ni kati ya kazi nzuri kabisa za fizikia, kitanzi kimoja tu kinakupa jibu!

Kamera yenyewe ilishakuwepo, Cranz na Schardin wa Ujerumani waliileta 1929: cheche za umeme zimepangwa, kila cheche na lensi yake, zinawaka kwa zamu zikipishana mikrosekunde chache, na filamu haisogei kabisa.

Sasa utamu uko hapa. Nadharia inasema ufa unaofunguka kwa kuvutwa hauwezi kuyapita mawimbi ya Rayleigh, yale yanayosafiri juu ya uso wa kitu, na mara nyingi unagawanyika matawi hata kabla ya kufika huko. Ila 1999 Rosakis na wenzake pale Caltech, chuo kikuu cha California, Marekani, waligundisha bamba mbili za Homalite, plastiki inayopitisha mwanga, wakazipiga risasi ili zisuguane, na ufa ukakimbia kwenye gundi kwa kasi kuliko mawimbi ya mkato yenyewe, yale yanayoutikisa mwili wa kitu kwa kuukata kando. Kwenye picha unaona mistari miwili imenyooka inatoka nchani kurudi nyuma, kama ya ndege iliyoipita sauti. Mwaka huohuo tetemeko la Izmit, Uturuki, likapasua ardhi, na rekodi zake zinaonesha upande wa mashariki mpasuko ulikimbia hivyohivyo.